Kasisi Mmoja, Makanisa Mengi: Historia ya Mpango wa Parokia za Kianglikana kutoka Boga hadi Katanga

1.0 Utangulizi

Ruashi ni mojawapo ya komini saba za jiji la Lubumbashi. Ilipangwa katika miaka ya 1950, wakati jiji lilipokuwa bado likiitwa Elisabethville, nayo ilikusudiwa kuwapa makazi watu waliokuwa wakimiminika mjini kwa sababu ya kazi za shaba. Tangu mwanzo, basi, Ruashi imekuwa mahali pa wageni. Watu wa Kasai, wa Luapula, wa Lualaba na wa Tanganyika waliacha vijiji vyao wakakutana hapo katika lugha moja, yaani Kiswahili cha Katanga. Kutoka Ruashi, mtu akielekea kaskazini-mashariki, upande wa Kasenga na mto Luapula, jiji humwishia upesi na vijiji vikaanza.

Neno parokia, ambalo Wakristo wengi hulitumia kila siku bila kulitafakari, lina asili ya Kiyunani. Kabla halijawa jina la eneo lenye mipaka, kanisa na kasisi wake, paroikia ilikuwa na maana ya ukaaji wa mgeni katika nchi isiyo yake. Maana hiyo ya kale inawafaa watu wa Ruashi. Pia inatupa njia ya kuuliza swali la historia ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana: parokia huanza na nani? Je, huanza na kasisi anayetumwa, au na watu waliokwisha kukusanyika wakamngoja?

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali hilo kwa kuangalia jinsi makanisa ya Kianglikana ya mashambani yanavyokusanywa pamoja chini ya kasisi mmoja. Hoja yetu ni kwamba mpango huu, ambao katika ramani unafanana popote ulipo, una asili mbili zinazopingana. Nchini Uingereza ulitokana na kupungua, ilhali katika Kongo ulitokana na kukua. Anayezichanganya asili hizo mbili atauona mpango wa Kongo kuwa upungufu unaosubiri kurekebishwa. Zaidi ya hayo, atawasahau watu waliouendesha, nao ni walimu wasiowekewa mikono.

2.0 Kazi zinazomhitaji kasisi na zisizomhitaji

Hatuna budi kwanza kueleza mpango wenyewe unavyofanya kazi. Katika Kanisa la Anglikana kuna daraja tatu za utumishi: shemasi, kasisi na askofu. Askofu peke yake ndiye anayetoa kipaimara na kuwawekea wengine mikono. Kasisi ndiye anayeadhimisha Ushirika Mtakatifu na kutamka ondoleo la dhambi. Lakini sala za asubuhi na jioni, masomo, mafundisho ya wanaotaka kubatizwa, kuwatembelea wagonjwa, hata mazishi, vyote vyaweza kuongozwa na mlei aliyepewa ruhusa.

Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mojawapo ya vitabu vya mwanzo kabisa vya Kianglikana kuchapishwa kwa Kiswahili kilikuwa cha sala za namna hiyo hasa. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha sala za asubuhi na jioni kwa Kiswahili huko Tübingen mwaka 1854. Kwa hiyo ibada isiyomhitaji kasisi ilipata maandishi ya Kiswahili miaka mingi kabla Mswahili yeyote hajawa kasisi.

Parokia ya mashambani huwa na kanisa kuu moja, anapokaa kasisi, na makanisa madogo yaliyotawanyika vijijini. Kila kanisa dogo lina mwalimu wake. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kasisi mwenye makanisa 12, akizuru moja kila Jumapili, atafika katika kila kanisa mara nne au tano kwa mwaka. Majira ya mvua, ambayo katika Katanga huanza Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili, yakizifunga njia, mara hizo zaweza kupungua kuwa mbili au tatu. Siku anapofika, mambo yote hurundikana: watoto wa kubatizwa, ndoa za kubarikiwa, wanaofunzwa wa kuulizwa maswali, sadaka za kuhesabiwa, ugomvi wa kupatanishwa, na mwishowe Ushirika Mtakatifu. Kesho yake anaondoka. Jumapili zote zilizobaki, kanisa ni la mwalimu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mpango huu kasisi, mwenye daraja kubwa, ndiye mgeni, na mwalimu asiye na daraja ndiye mwenyeji. Tutarudi kwenye jambo hili.

3.0 Uingereza: kuunganisha kwa sababu ya kupungua

Nchini Uingereza parokia za mashambani ni za kale sana. Nyingi zilikuwapo tangu Enzi za Kati, kila moja na jengo lake la mawe, mipaka yake na kasisi wake. Kasisi mmoja kushika parokia kadhaa kulihesabiwa kuwa aibu, kwa sababu mara nyingi alikusanya mapato ya zote na kuziacha bila huduma. Ndiyo sababu sheria ya mwaka 1838 ilimzuia kasisi asishike parokia zaidi ya mbili, tena zilizo karibu karibu.

Karne moja baadaye mambo yaligeuka. Watu walihamia mijini, idadi ya makasisi ikashuka, na vijiji vidogo vikabaki na makanisa makubwa yasiyo na watu. Katika kaunti ya Lincolnshire, baada ya Vita Kuu ya Pili, vijiji vya eneo la South Ormsby vilikusanywa kuwa kundi moja lililohudumiwa na makasisi wachache wakifanya kazi kwa pamoja chini ya kiongozi wao, Arthur Smith. Jaribio hilo lilijulikana sana na kuigwa. Mwaka 1964 Leslie Paul alitoa taarifa yake kuhusu namna makasisi wanavyogawanywa na kulipwa, akaonyesha kuwa mgawanyo wao haukulingana tena na mahali watu walipokuwa wakiishi. Hatimaye sheria ya Kanisa ya mwaka 1968 ilihalalisha aina mbili za mpango. Katika aina ya kwanza makasisi kadhaa hushika kwa pamoja eneo moja chini ya kiongozi mmoja. Katika aina ya pili kila kasisi hubaki na parokia yake lakini hupewa mamlaka ya kuhudumu katika parokia za wenzake.

Hivyo basi, lililokuwa kosa mwaka 1838 lilikuwa dawa mwaka 1968. Hata hivyo dawa hiyo ilinyweka kwa huzuni. Kila kijiji kilichounganishwa na kingine kilikumbuka siku kilipokuwa na kasisi wake peke yake, na lugha ya mpango huo ikawa lugha ya hasara.

4.0 Boga: kanisa lililomtangulia kasisi wake

Tukihamia Kongo, tunaanza mahali pengine kabisa. Kanisa la Anglikana la nchi hiyo lina chimbuko lake Boga, ng'ambo ya mto Semliki, karibu na mpaka wa Uganda. Aliyefika huko mwaka 1896 alikuwa Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka 1895. Hakuwa kasisi, wala hakuwa shemasi; alikuwa mwalimu. Alifundisha kusoma, akasali na watu, akagombana na wakubwa wa mahali hapo, akapigwa na kufungwa, kisha akaachiliwa na kurudi. Alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903.

Miaka hii ndiyo kiini cha hoja yetu. Kwa miaka minne ya mwanzo mwanzilishi wa Kanisa la Anglikana katika Kongo alikuwa mlei, na kwa miaka saba hakuweza kuadhimisha Ushirika Mtakatifu. Kanisa lilikuwapo, watu walikuwapo, mafundisho yalikuwapo. Ukasisi ulikuja baadaye, kama tunda la kazi iliyokwisha kufanyika. Katika Boga, basi, kasisi ndiye aliyetokana na kanisa.

Mpango huu haukuwa wa Boga peke yake. Katika Uganda ya Askofu Alfred Tucker walimu walei walipewa ruhusa rasmi tangu mwaka 1891, Waganda wa kwanza wakafanywa mashemasi mwaka 1893 na makasisi mwaka 1896. Walimu walitangulia vijijini kwa wingi, na makasisi wachache wakazunguka nyuma yao. Kila kanisa dogo lilikuwa pia shule, na mwalimu yuleyule alifundisha alfabeti na katekisimu.

Mpaka wa wakoloni, uliojadiliwa mwaka 1910 na kuwekewa alama katika miaka iliyofuata, uliiacha Boga upande wa Kongo ya Kibelgiji. Apolo alirudi kuishi huko akaendelea na kazi, pamoja na watu wa msituni, hadi alipofariki mwaka 1933. Husimuliwa kwamba aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, ambako kazi ilikuwa haijaisha. Baada yake kanisa la Boga liliendelea kuwa chini ya maaskofu walioishi Uganda. Mwaka 1972 ndipo ilipoundwa dayosisi ya Boga-Zaire, na Philip Ridsdale akawa askofu wake wa kwanza. Tukihesabu tangu mwaka 1896, hiyo ni miaka 76 bila askofu anayekaa nchini. Kama kigezo cha uhai wa kanisa kingekuwa kuwapo kwa wenye daraja, kanisa hilo lingekwisha kufa zamani.

5.0 Kutoka Boga hadi Katanga

Katanga ilikuwa uwanja wa wengine. Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mwaka 1886. Wabenediktini wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne walianza kazi mwaka 1910, mwaka uleule Elisabethville ilipoasisiwa, na Wasalesiani wakafuata mwaka 1911. Mmethodisti John McKendree Springer naye aliingia Katanga mwaka 1910. Wamethodisti walikuja na desturi yao ya mzunguko, ambayo ni jamaa ya karibu ya mpango tunaouchunguza: mhubiri mmoja anayezunguka, na viongozi walei wanaobaki. Waanglikana walipoanza kukua Katanga katika nusu ya pili ya karne ya 20, walikuta watu waliokwisha kuzoea kanisa linaloongozwa na mlei.

Mambo mawili yaliusaidia ukuaji huo. La kwanza ni uhamaji. Muumini aliyetoka mashariki kwenda kutafuta kazi au biashara kusini alikwenda na kitabu chake cha sala, na sala za asubuhi na jioni hazikumhitaji kasisi. La pili ni sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 kuhusu dini. Baada ya sheria hiyo, makutaniko madogo ya Kiprotestanti hayakuweza kusimama kihalali bila kuingia chini ya jumuiya mojawapo ya Kanisa la Kristo katika Zaire. Kote nchini makutaniko ya namna hiyo yalitafuta mwavuli, nayo yalikuja na viongozi wao. Hapa tena watu walitangulia, na daraja zikafuata.

Mwaka 1976 iliundwa dayosisi ya Bukavu. Lakini kutoka Bukavu hadi Lubumbashi, hata kama mtu angeruka kama ndege, ni zaidi ya kilomita 1,000. Kutoka Boga ni zaidi ya 1,400. Tukikumbuka kwamba kipaimara hakitolewi ila na askofu, umbali huo unapata maana ya kibinadamu: mtu angeweza kufundishwa, kubatizwa na kuzeeka akingoja mkono wa askofu. Mwaka 1986 kusini ilipata dayosisi yake, Shaba, chini ya Emmanuel Kolini, ambaye tangu mwaka 1980 alikuwa askofu msaidizi wa Bukavu. Mwaka 1992 Waanglikana wa Zaire walipata jimbo lao wenyewe, likiongozwa na Askofu Mkuu Patrice Njojo Byankya. Jimbo la kiserikali liliporudishiwa jina la Katanga mwaka 1997, dayosisi nayo iliitwa Katanga. Tangu mwaka 2015 eneo la Katanga ya zamani limegawanyika kuwa majimbo manne ya serikali: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika.

Tukiufuatilia mwendo huu, tunaona utaratibu uleule ukijirudia katika kila ngazi. Kikundi cha waumini huwa kanisa dogo, makanisa madogo kadhaa hupata kasisi na kuwa parokia, parokia kadhaa huwekwa chini ya shemasi mkuu, na hatimaye shina zima hupata askofu. Kila ngazi mpya ni uthibitisho wa jambo lililokwisha kuwapo chini yake. Uingereza ilikuwa ikishuka ngazi hizo wakati Kongo ilipokuwa ikizipanda. Ukichukua picha katikati ya njia, wote wawili wamesimama kwenye kidato kimoja: kasisi mmoja, makanisa mengi.

6.0 Lugha ya mpango

Wasomi wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuitazama historia hii. Askofu Tucker alipinga Kiswahili kisifanywe lugha ya kanisa la Uganda, kwa kuwa alikiona kuwa karibu mno na Uislamu, akapendelea Kiganda. Kanisa la Boga lilizaliwa katika mkondo huo na likasali kwa lugha za upande wa Uganda. Lakini kadiri kanisa hilo lilivyosogea kusini, ndivyo lilivyolazimika kusema Kiswahili. Lugha iliyokataliwa kwenye chemchemi ndiyo iliyoubeba mto.

Sababu yake ni ya kimpango. Kasisi anayehudumia makanisa 12 katika nchi yenye lugha nyingi hawezi kuwa mwenyeji wa kila kijiji. Mwalimu aweza kufundisha kwa Kilamba, Kisanga, Kibemba au Kiluba. Kasisi akija, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kwa hiyo mpango wa kuzikusanya parokia na uenezi wa Kiswahili vilitegemeana. Hata hivyo kuna gharama. Bibi kizee anayesali vizuri katika lugha yake husikia sehemu takatifu kuliko zote, Ushirika Mtakatifu, katika lugha ya mgeni.

Maneno yenyewe nayo yana ushahidi wake. Kasisi lilitoka Kiarabu, padri lilitoka Kireno, na mchungaji ni neno la Kibantu lenye picha ya mtu aliye pamoja na kundi lake kila siku. Mwalimu, ingawa nalo ni la Kiarabu, lilikita mizizi hata likawa cheo cha heshima kuliko mengi. Iwapo tungeyagawa maneno haya kwa kuangalia kazi pekee, mwalimu wa kijijini ndiye angestahili kuitwa mchungaji, kwa kuwa ndiye anayelala na kundi.

7.0 Swali la Roland Allen

Mtu aliyeiona hitilafu hii mapema ni Roland Allen, kasisi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1868. Baada ya kuhudumu China na kisha katika parokia ya mashambani Uingereza, aliandika vitabu vilivyouhoji utaratibu mzima wa misheni, maarufu zaidi kikiwa kile cha mwaka 1912 kuhusu mbinu za Mtakatifu Paulo. Hoja yake ilikuwa wazi. Ikiwa kutaniko lina mzee anayeheshimiwa, anayeliongoza kila Jumapili, anayejipatia riziki kwa kazi yake mwenyewe, kwa nini asiwekewe mikono awe kasisi wa kutaniko hilo? Kuwanyima watu Ushirika Mtakatifu kwa sababu tu hakuna mshahara wa kasisi msomi, kwake, kulikuwa kuuthamini mshahara kuliko sakramenti.

Katika miaka ya 1930 Allen alihamia Kenya, akajifunza Kiswahili uzeeni, na kufariki Nairobi mwaka 1947. Wanafunzi wetu humjua zaidi kwa jina la mwanawe, J. W. T. Allen, mkusanyaji wa miswada ya tenzi. Lakini tafsiri ya Kiingereza ya Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani iliyochapishwa mwaka 1961 ilikuwa kazi ya baba. Mtetezi wa walimu wa vijijini alimalizia maisha yake akizisoma tenzi za Waislamu wa pwani.

Shauri lake lilikuwa na wapinzani wenye hoja nzito. Walisema kasisi asiye na elimu ya kutosha aweza kuwapotosha watu, na kwamba mzee wa ukoo mmoja akipewa daraja, ukoo mwingine wa kijiji hichohicho waweza kukosa haki. Hoja ya pili haipuuziki: kasisi mgeni, kwa kuwa ni mgeni, aweza kuamua ugomvi bila kuonekana kuwa na upande. Wakatoliki wa Kongo walikabiliana na swali lilelile kwa njia nyingine. Mwaka 1961 maaskofu wao walichagua mwelekeo wa jumuiya ndogo za Kikristo, na katika miaka ya 1970 Kardinali Malula aliwakabidhi walei uongozi wa parokia kadhaa za Kinshasa. Uongozi walipewa, lakini madhabahu yalibaki ya padri. Mlei wa Kinshasa na mwalimu wa Katanga wanasimama mahali pamoja: wote wanabeba kanisa bila kuwa na idhini ya kuumega mkate.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kanisa dogo la kijijini si tawi lililokatwa kutoka kwenye parokia. Ndilo mbegu ya parokia. Anayeanzia kwenye orodha za makasisi na tarehe za maaskofu, kama tulivyolazimika kufanya kwa sehemu hata sisi, ataona pengo kila mahali ambapo kasisi hakuwapo. Anayeanzia kwa mwalimu ataona Jumapili baada ya Jumapili zilizojaa.

Tofauti hii ina madhara katika maamuzi. Wanaoipanga parokia kwa macho ya kupungua huuliza ni makanisa mangapi yaunganishwe ili kasisi atoshe. Wanaoipanga kwa macho ya kukua huuliza ni mwalimu gani sasa amekomaa kiasi cha kuongezewa daraja, elimu au posho. Swali la kwanza linahesabu makasisi. La pili linawatambua watu.

Kwa wanafunzi wetu wa historia na wa Kiswahili, kazi iliyo mbele ni ya kukusanya. Madaftari ya ubatizo, hesabu za sadaka, orodha za wanaofunzwa na barua za kumwomba kasisi aje ni maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa na watu ambao hawakuhesabiwa kuwa waandishi. Tusiyadharau. Mwaka 1965 André Yav aliandika katika Kiswahili cha Katanga historia ya Elisabethville kama walivyoiona watumishi wa nyumbani. Ilipotolewa na Johannes Fabian mwaka 1990, wanahistoria walitambua kwamba mji wote ulikuwa na kumbukumbu nyingine chini ya ile ya wakubwa. Walimu wa makanisa ya mashambani nao wanayo kumbukumbu yao. Mchwa na mvua havisubiri, na wenye kuikumbuka miaka ya mwanzo wanazidi kupungua. Wanaotoka Ruashi kuelekea Luapula waanze kuuliza kwa mwalimu kabla ya kuuliza kwa kasisi.